Mama Alikufa Akiamini Nini

Manundu, Korogwe
Jumapili, 14 Julai 2024

Kaka yangu mpendwa Castory,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Nampula, wewe, wifi na watoto wote. Kile kifua ulichokuwa unalalamikia kimepona, au bado unakohoa usiku unawaamsha wenzio? Usidharau kifua, unajua baba kilimwanzia hivyo hivyo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Masika yalikatika mapema, mahindi ya watu wa Kabuku yamekaukia shambani yakiwa na mbelewele, na bei ya unga imeanza kutukodolea macho. Shule tumefungua juzi juzi. Nakushukuru kwa dawa ulizomtumia mama mwezi wa nne, zilifika, na alizinywa zote mpaka za mwisho.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimejaribu kukurekodia sauti kwenye simu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kulia, nikafuta. Karatasi hainikatizi. Basi nimemwomba dereva wa lori mmoja anayeshuka huko akufikishie mkononi, na ukishaisoma uikunje uiweke, usimpe mtu mpaka ufike mwisho.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita nimeusoma mpaka nimeukariri. Umenishukuru kwa kumpigania mama. Umesema bila mimi watu wa Kabuku wangemchukua wakamzika mbali na baba, na kwamba baba huko aliko ananibariki. Kaka, shukrani hiyo imenikwama kooni kama mwiba wa perege, haishuki haitoki. Kwenye simu nilikuambia kwa kifupi tu kwamba kulitokea mvutano, mahakama ikaamua, tukazika. Leo nakueleza yote, kama yalivyokuwa.

Mama alifariki Jumanne ile ya tarehe 28 Mei, saa tano asubuhi, wodini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Saa nane mjomba Zaidi alikuwa ameshafika kutoka Kabuku, na sanda kwapani. Ninyi mlio mbali mnamkumbuka mjomba wa zamani, yule wa kutubeba begani. Sasa ni mzee wa miaka sabini na nne, mgongo umeinama, lakini sauti yake ni ile ile ya taratibu. Akatusalimu wote, akatoa pole, kisha akasema kwa upole kwamba dada yake Mwaija alikuwa amerudi kwenye Uislamu tangu mwaka 2020, kwa hiyo anaomba apewe mwili uoshwe, usaliwe na kuzikwa kabla jua halijazama, kama dini yao inavyotaka.

Jamani, palivurugika! Wanajumuiya walikuwa wameshajaa uani kwangu, jeneza limeshaagizwa, na Mzee Erasto, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikuwa ameshazungumza na paroko. Erasto akasema Lea Dominiko ni Mkatoliki aliyebatizwa na kufunga ndoa kanisani, na kwamba maiti haigeuzwi dini mlangoni mwa mochwari. Mjomba akajibu kwamba yeye hageuzi kitu, dada yake aligeuka mwenyewe akiwa hai. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mama alikuwa akiishi kwangu. Nikasema mama ni wa jumuiya yetu. Maneno matano tu, kaka. Mjomba akaenda mahakamani kuweka zuio.

Mama alilala mochwari siku nane. Kwa mjomba kila siku moja ya hizo ilikuwa dhambi inayoongezeka, maana kwao maiti haicheleweshwi. Alikuwa akija asubuhi, anakaa kwenye benchi la nje ya mochwari na tasbihi yake mpaka jioni, halafu anapanda basi kurudi. Mimi nilikuwa nikimwona nikipita kwenda kufundisha. Nilikuwa nageuza uso.

Wewe unajua ninachofundisha. Miaka kumi na saba nasimama mbele ya watoto nawaambia kwamba katika nchi hii serikali haina dini, ila watu wake wana dini. Nawasimulia Wajerumani walivyoleta mashamba ya mkonge na kukusanya watu wa kila kabila na kila imani kwenye kambi moja, kama babu yetu mzaa baba alivyoletwa Mazinde. Nawasimulia kwamba Katiba ya Uhuru haikuwa na orodha ya haki za raia, kwamba orodha hiyo iliingia mwaka 1984, nikiwa bado nakojoa kitandani, na kwamba ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kubadilisha dini yake. Hilo la kubadilisha huwa nalikazia. Nawaambia uhuru wa kukaa tu ulipozaliwa si uhuru, hata mbuzi aliyefungwa kamba anao. Wanacheka, wanaandika.

Na mfano ninaoutumia siku zote ni mjomba wetu mwenyewe. Alipokuwa mdogo, shule iliyokuwa karibu ilikuwa ya misheni, na huko mtoto wa Kiislamu alitakiwa aitwe jina jipya ndipo akae darasani. Babu yetu mzaa mama akasema mwanawe ataitwa Zaidi mpaka afe, akamtoa baada ya wiki mbili. Mjomba akabaki na chuo cha Kurani peke yake. Hati za serikali mpaka leo anasomewa. Huyo ndiye aliyeingia mahakamani bila karatasi hata moja mkononi, kushindana na watu wenye mafaili.

Siku ya kesi alisimama na kanzu yake iliyofifia, akaapa kwa Msahafu, akaeleza. Alisema dada yake alitamka shahada upya mbele ya Bi Maryamu, yule bibi aliyewafundisha juzuu wakiwa watoto. Hakimu, mama mmoja mpole wa miwani, akamuuliza Bi Maryamu yuko wapi. Mjomba akasema amefariki miaka miwili iliyopita. Akaulizwa kama yeye alikuwepo siku hiyo. Akasema hapana, aliambiwa na dada yake. Angeweza kudanganya, kaka. Angesema tu nilikuwepo, nani angempinga? Akasema hapana.

Upande wetu Mzee Erasto akatoa cheti cha ubatizo cha mwaka 1978, cheti cha ndoa cha mwaka huo huo, na mwisho akatoa kilichomaliza maneno, daftari la mahudhurio la jumuiya. Kila Jumamosi kwa miaka minne, Lea Dominiko, vema. Jumamosi ya mvua, vema. Jumamosi ya Pasaka, vema. Hakimu akalipekua kwa muda mrefu. Akauliza ni nani katibu aliyeandika, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Kabla sijaitwa kuapa, yule hakimu alisema jambo ambalo hata mimi sijawahi kulieleza darasani vizuri hivyo. Alisema yeye hatafuti marehemu alizaliwa katika dini gani, wala alibatizwa lini, wala ukoo wa mume au wa mke unataka nini, kwa sababu Katiba imempa uhuru huo mtu mwenyewe na haikuwapa ndugu zake. Alisema yeye anatafuta kitu kimoja tu: mama huyu alikufa akiamini nini. Na kwa kuwa mwenyewe hawezi kuulizwa tena, atamuuliza aliyekuwa akiishi naye.

Nikapewa Biblia. Nikaapa. Nikasema sijawahi kumwona mama akisali sala ya Kiislamu, wala hakuwahi kunitamkia kwamba amebadili dini.

Hukumu ilisomwa siku ile ile. Mama akazikwa Mazinde kesho yake, kwa misa, ubavuni mwa baba. Watu walikuwa wengi, kwaya ikaimba vizuri, nilikutumia picha. Kwenye picha hizo mjomba hayumo, lakini alikuwepo. Alisimama nje ya wigo wa makaburi, upande wa barabara ya shamba, na mfuko wenye ile sanda, mpaka udongo wa mwisho ulipotiwa. Hakuna aliyemsalimia. Na mimi sikumsalimia.

Huko Kabuku wakaanza kusema. Si Wakristo, kaka, ni jamaa zake mwenyewe wa msikitini. Walisema kama ni kweli mbona binti wa marehemu ameapa? Walisema Zaidi katutia aibu, kang'ang'ania maiti ya watu. Mjomba ndiye aliyekuwa akiwasalisha kwenye ule msikiti mdogo wa barabarani kwa miaka thelathini. Ijumaa iliyofuata alikaa safu ya nyuma, akasema mtu aliyeonekana mwongo mbele ya hakimu hawezi kusimama mbele za watu. Mpaka leo anasali nyuma.

Sasa kaka, kaa chini kama umesimama.

Mjomba alisema kweli. Mama alikuwa Mwislamu, nami nilijua kuliko mtu yeyote chini ya jua. Tangu mwaka 2020 alikuwa akisali kwenye kile chumba cha nyuma, sala tano, na maji ya kutawadha nilikuwa nikimpelekea mimi kwenye kopo la bluu, kwa sababu magoti yalikuwa hayamruhusu kutoka kwenda uani. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nampikia uji wa futari, na majirani wakiuliza mbona bibi hali mchana nawaambia ana vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo na kushinda njaa, wapi na wapi! Na waliamini, kwa sababu mimi ni mwalimu.

Lile daftari nililichafua mimi. Nilianza kwa mapenzi, nakuapia, ingawa najua kiapo changu sasa hakina thamani. Unaijua jumuiya yetu na msimamo wake, kwamba asiyehudhuria Jumamosi asitegemee kuzikwa na wenzake. Mama alipoacha kuhudhuria niliogopa. Nilifikiri labda ni huzuni ya kufiwa na baba, labda atarudi, na akirudi akute nafasi yake ipo. Nikamwekea vema. Wiki iliyofuata nikaweka tena. Wakiuliza nasema bibi amelala, magoti, lakini yuko nasi kwa sala. Wenzangu wakanyamaza, nani atamhoji katibu? Hata siku jumuiya ilipokuja kusalia kwangu, mama yuko chumbani anasali adhuhuri yake, sisi sebuleni tuko kwenye rozari, mimi nikaweka vema. Baada ya mwaka mmoja singeweza kuacha bila kusema nilikuwa nadanganya tangu lini.

Mwezi wa nne, siku ya pili baada ya Idi, mama aliniita chumbani. Akafungua sanduku lake, akanionyesha sehemu ya kuweka sanda, akasema mjomba ameshanunua, iko kwake. Akasema anataka azikwe Kabuku, karibu na mama yake. Nikamuuliza na baba je, utamwacha peke yake Mazinde? Akalia, kaka. Akasema hilo linamuuma kuliko magoti. Akasema alibatizwa kwa sababu alimpenda baba, hakulazimishwa na mtu, na ile miaka arobaini hajutii hata siku moja, ila usingizini alikuwa akijikuta anasoma juzuu ya utotoni. Alimngoja baba aondoke kwanza ili asimvunje moyo.

Halafu akaniambia siku yake ikifika mimi ndiye niseme. Si mjomba, kwa sababu mjomba hana elimu watamdharau. Si wewe, kwa sababu uko mbali. Mimi, kwa kuwa nafundisha sheria za nchi, nikisema watanisikiliza. Nikamshika mkono nikamwahidi.

Na kweli walinisikiliza.

Utaniuliza kwa nini. Mimi mwenyewe najiuliza kila siku. Nilimwogopa Mzee Erasto na daftari lake, hiyo ni kweli. Niliogopa kuchekwa kanisani, hiyo nayo ni kweli. Lakini chini ya yote hayo kuna jambo baya zaidi: nilikuwa na kinyongo. Nilihisi amemkimbia baba. Nilihisi ametukimbia sisi, mimi na wewe, tuliobebwa naye kwenda kubatizwa. Nikasema moyoni basi nitamrudisha kwetu, apende asipende. Nikamrudisha. Sheria ile ninayoifundisha ilikuwa imemtetea vizuri kabisa, hakimu aliishika sawasawa, haikupungukiwa hata na neno. Ilihitaji shahidi mmoja mkweli, na aliyekuwepo ni mimi. Muhula huu mada ile nimeiruka darasani, nimewaambia wataisoma wenyewe.

Alhamisi nilikwenda Kabuku. Nilimkuta mjomba anapukuchua yale mahindi machache aliyopata. Nikapiga magoti hapo hapo kwenye magunzi nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Aliniuliza swali moja tu. Akauliza mama tulimlaza vipi. Sikumwelewa. Akaeleza kwamba alitaka kujua kama tulimlaza kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla. Nikasema mjomba, alilazwa chali, ndani ya jeneza. Basi mzee yule akaweka gunzi chini, akajifunika uso kwa kofia yake, akalia kwa sauti kama mtoto. Mimi sijawahi kumwona analia, hata alipomzika mkewe.

Alipotulia nilimwambia twende mahakamani tuombe kibali cha kumfukua. Akakataa. Akasema dada yake ameshasumbuliwa vya kutosha, alale alipolala, karibu na mume aliyempenda, na kwamba Mungu anajua kibla kiko wapi hata kama sisi tulikosea. Alichotaka ni kitu kimoja, niseme. Niseme pale pale niliposema uongo, mbele ya watu wale wale. Kisha yeye na watu wake wachache waende Mazinde wakamsalie mama kaburini, maana ameulizia kwa masheikh wakamwambia inaruhusiwa. Msalaba hataung'oa, alisema, maana ule uliwekwa na watoto.

Kwa hiyo kesho Jumatatu nakwenda mahakamani kwa yule hakimu. Jumamosi nitasimama mbele ya jumuiya, na daftari nitalikabidhi. Kuapa uongo ni kosa la jinai, hilo nalifundisha pia, na sijui watanifanya nini. Kazi naweza kuipoteza. Nisipopatikana kwenye simu, ujue nimezuiliwa, na usihangaike kunitafutia wakili wa kunifanya nionekane sikuelewa nilichosema. Nilielewa. Mwanangu Angelina nimemwambia yote jana. Tangu hapo anaosha vyombo kwa kelele tu.

Najua nawe utakasirika. Nimekunyima mama yako alivyokuwa, nikakupa mama niliyemtaka mimi. Kasirika kaka, sina la kukuzuia. Lakini nakuomba jambo moja, na silitaki kwa ajili yangu. Mjomba amepanga kwenda Mazinde Ijumaa ya tarehe 2 Agosti, baada ya sala ya mchana. Nimemwomba nami niwepo, nisimame hata nyuma ya wote, akakubali. Ila sijui tarehe hiyo nitakuwa wapi. Fanya kila uwezalo ufike. Panda hata lori. Mjomba asiende tena kwenye kaburi lile akakosa mtoto wa dada yake wa kumpokea. Mfungulie wigo, umwamkie, umshike mkono uingie naye. Maneno yao huyajui, nami siyajui. Wewe simama tu karibu yake mpaka wamalize.

Nisalimie sana wifi, mwambie vitenge alivyotuma, mama alivipenda. Wabusu watoto. Waelezeni ukweli wa bibi yao, wasije kuusikia kwa watu. Dereva atakaa siku mbili huko kabla ya kugeuza, ukitaka kunijibu mpe yeye, na kama huna la kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Angel Dominiko, binti wa Mwaija